Mpishi wa Ukurasa wa Arobaini na Moja

Siku Elkana alipopata ile kazi ya kuiandikia nchi ya Ulaya sheria za wageni, alichinja mbuzi wawili.

Nchi yenyewe tuiache bila jina. Ni ndogo, haijamkosea mtu yeyote hapa Texas, na Elkana hakuwahi kukanyaga huko. Ilikuwa na miaka kumi na miwili tangu ipate uhuru, na watu wake wote ukiwakusanya hawafiki nusu ya wakazi wa Houston na vitongoji vyake. Mwaka huo, 2003, ilikuwa inabisha hodi kwa mataifa makubwa ya Ulaya, na wakubwa hao walikuwa wameiambia ionyeshe kwanza itakavyozuia wageni. Haikuwa na wageni wa kutosha wa kuzuia. Lakini masharti yalikuwa masharti, na pesa za wafadhili zilikuwapo, basi zabuni ikatangazwa. Kampuni moja ya washauri ya Houston ikaishinda, kisha ikamtafuta daktari wa falsafa mwenye sura ya Kiafrika, ili mtu asije akasema kwamba mkakati ule ulikuwa na ubaguzi.

Hivyo ndivyo Elkana alivyopatikana. Alikuwa akifundisha somo la siasa jioni mbili kwa wiki katika chuo kidogo, kwa mshahara ambao haukutosha petroli na suti, naye alipenda sana suti. Nyumba ya Mansfield, yenye vyumba vinne na gereji ya magari mawili, ililipiwa na mkewe Jerioth, muuguzi wa wodi ya moyo, aliyefanya zamu tatu za saa kumi na mbili kwa wiki na mara nyingi akaongeza ya nne. Elkana hakupenda jambo hilo litajwe mbele ya wageni. Alisema tu kwamba mama yuko kwenye afya, kana kwamba afya ilikuwa mtaa fulani ambako mkewe alikwenda kutembea.

Siku ya mbuzi, Wakenya wa ushirika wao wa maombi walijaa uani. Elkana akasimama kando ya jiko la kuchomea nyama na kuwaeleza mkakati wake ulivyo. Kila mgeni apewe kibali cha mwajiri mmoja tu. Anayezidisha muda arudishwe kwao bila mjadala. Ndoa ya mgeni na mwenyeji isipewe makaratasi mpaka ichunguzwe miaka mitatu, maana watu wengi huoa karatasi. Aliyasema haya kwa Kiingereza cha mihadhara, huku mafuta ya mbuzi yakimtiririka kwenye vidole. Watu waliitikia kwa vichwa. Karibu nusu ya waliokuwa pale walikuwa wameingia Amerika kwa njia ambazo mkakati ule ungeziziba zote.

Aliyemjibu alikuwa Nyaga, rafiki yake wa zamani, mpakia mizigo wa uwanja wa ndege anayekaa Irving. Nyaga hakuwa mtu wa kupayuka. Alisubiri hadi sahani yake ilipojaa.

"Daktari, nauliza tu. Hiyo law yako, wewe mwenyewe ingekuachilia uingie?"

Elkana akacheka kwa upole wa mtu aliyesoma. "Nyaga, hiyo ni anecdote. Policy haiangalii mtu mmoja mmoja."

"Sawa. Ni vile tu ile badge ya warehouse ulikuwa unaingia nayo kazi, picha ilikuwa yangu."

Watu wakacheka, Elkana akacheka kuliko wote, na usiku huo hakulala vizuri. Ni kweli kwamba viza yake ya masomo ilikuwa imekufa miaka minne kabla Jerioth hajapata uraia na kumwombea makaratasi. Ni kweli pia kwamba aliyaona hayo kuwa mambo ya ujana, jambo ambalo mtu mkubwa hulifunga na kuliweka kabatini. Kumbukumbu ya mtu wa aina hii hufanya kazi vizuri sana inapohusu makosa ya wengine.

Jerioth alikuwa na ndugu mmoja tu, Sheldon, na huyo Sheldon alikuwa anaishi katika nchi ileile ya Ulaya.

Alikuwa mpishi katika hoteli ya watalii kule Malindi, Mzungu mmoja akaonja samaki wake, akamchukua aende kumpikia katika hoteli yake ya pwani huko Ulaya. Alikuwa na miaka minne kule. Alikuwa amepata mtoto na mwenyeji, na kwa desturi ya kwao Embu, msichana wa kwanza akapewa jina la mama yake baba. Basi katika mji ule wa baridi kukawa na mtoto wa miezi minane, mweupe kama maziwa ya chai, anayeitwa Ciarunji. Jerioth, kwa kuwa hilo ndilo jina la marehemu mama yake, alipomtaja mtoto huyo alimwita mama. Ndoa yenyewe ilikuwa inangoja cheti cha kuthibitisha kwamba Sheldon hana mke mwingine, na cheti kilikuwa kimelala katika ofisi fulani Nairobi kwa mwaka na miezi miwili.

Sheldon alipiga simu kila Jumamosi asubuhi. Zamani Elkana alikuwa akimsalimu kwa neno moja na kumpa Jerioth simu, kwa sababu Sheldon aliishia kidato cha nne na hakuwa na mazungumzo. Baada ya kupata kandarasi, mambo yalibadilika. Sasa Elkana ndiye aliyeidaka simu, akakaa nayo mezani na daftari la jalada gumu, akauliza maswali. Kibali chako kinasemaje? Hoteli ikifungwa wakati wa baridi unakula nini? Polisi wanapita mara ngapi? Sheldon, ambaye tangu harusi ya dada yake hakuwahi kuulizwa na shemeji lolote zaidi ya hali ya hewa, alifurahi hadi sauti ikabadilika. Alieleza yote. Kwamba kibali kilitaja hoteli moja, lakini miezi ya baridi alipika kwenye mkahawa mdogo juu ya mji. Kwamba hata polisi wa pale walikuwa wateja wake, na walimletea viazi kutoka mashamba yao.

Jerioth aliwasikia wakiongea akiwa anapanga chakula cha wiki, na moyo wake ukatulia. Alidhani mumewe hatimaye amempenda ndugu yake.

Kampuni ya Houston ilikuwa imemwambia Elkana kwamba ripoti inahitaji kisa cha mfano, kitu chenye mtu ndani yake, kwa sababu wanaosoma ripoti huchoka. Elkana akaandika kiambatisho cha ukurasa mmoja. Jina hakulitaja, aliandika Bw. S. Aliona hiyo inatosha, na ripoti ikatumwa.

Simu iliyokuja Jumanne haikuwa ya kawaida, na Jerioth aliijua kabla ya kuipokea, kwa sababu Sheldon hakuwa na pesa za kupiga katikati ya wiki.

Polisi walimfuata jikoni saa ya chakula cha mchana. Walikuwa walewale wa viazi, na mmoja alishindwa kumtazama. Walimnyang'anya pasipoti, wakampa karatasi ya kuondoka nchini baada ya siku kumi na tisa, na marufuku ya kurudi kwa miaka mitano. Mama wa mtoto alikuwa ameisoma ile karatasi mara tatu akimtafsiria. Ilisema kwamba amevunja masharti ya mwajiri mmoja, kwamba hana familia nchini, na kwamba hali yake imeelezwa katika ripoti ya wataalamu kutoka Amerika, kiambatisho cha tatu.

"Sasa dadangu, mimi nime-wonder," Sheldon alisema. "Hao wataalamu wa Amerika walinijulia wapi? Hebu muulize shemeji. Yeye ni mtu wa hizo vitu, anaweza kuwajua."

Jerioth akasema atamuuliza. Akaweka simu chini, akaenda kwenye chumba ambacho Elkana alikiita ofisi, akachukua nakala moja kutoka kwenye boksi la nakala ishirini ambazo yeye mwenyewe alilipia uchapishaji wake kwa kadi yake. Kiambatisho cha tatu kilikuwa ukurasa wa arobaini na moja. Aliusoma akiwa amesimama, na viatu vya kazini bado miguuni.

Elkana alirudi saa kumi na moja jioni. Alimkuta mkewe mezani na ripoti imefunguliwa, na kwa sekunde chache alifurahi, kwa maana Jerioth hakuwahi kusoma chochote alichoandika.

"Huyu ni Sheldon," Jerioth akasema.

"Ni case study. Nime-anonymize. Hakuna jina hapo."

"Umeandika mpishi kutoka East Africa, miaka thelathini na moja, mji wa pwani, hoteli ya samaki. Hiyo nchi iko na wapishi wangapi kutoka East Africa?"

Elkana akavua koti, akalitundika taratibu. Hakujua. Katika kurasa mia na themanini za takwimu alizokusanya, swali hilo hakuwahi kujiuliza, kwa sababu alikuwa akifikiri kwa kipimo cha Texas, ambako mtu akisema mpishi wa Afrika Mashariki unaweza kuwakamata ishirini kabla ya kufika Arlington.

"Ni mmoja, Elkana. Nchi nzima ni mmoja."

"Sikukusudia—"

"Kazini kwetu, nikiongea juu ya mgonjwa ndani ya lift, hata bila jina, nafutwa siku hiyo. Niseme tu yule mzee wa room nine mwenye mguu mmoja, nimemaliza. Cleaner anajua hiyo. Wewe uko na PhD." Aligeuza ripoti ikamtazama yeye. "Lakini hata hiyo wacha. Nisomee hapa mwisho."

Elkana hakuhitaji kusoma. Alikumbuka vizuri sentensi ile, kwa kuwa alikuwa ameirekebisha mara mbili ipate mtiririko. Ilisema kwamba Bw. S. hana familia wala uhusiano wowote wa kudumu unaomfunga na nchi hiyo.

"Ciarunji ni nani?" Jerioth akauliza.

Elkana akaeleza. Alieleza kwa muda mrefu, na kadiri alivyoeleza ndivyo Kiingereza kilivyozidi. Kwamba kisheria hawajaoana. Kwamba mtoto angeingiza huruma kwenye ripoti na kuvuruga hoja. Kwamba kampuni ilitaka kisa safi, mwanaume mmoja, kosa moja. Kwamba kule duniani watu wote huandika hivyo. Mtoto wa miezi minane, mwenye jina la mama mkwe wake mwenyewe, alikuwa amefutwa ili ukurasa upendeze, na mtu aliyemfuta alikuwa anaulizia kama kuna chai.

Jerioth hakulia wala hakupaza sauti. Kama ungekuwa nje ungedhani wanapanga safari. Alimwambia aandike barua kwa idara ya wageni ya nchi ile, aseme kisa hakikuthibitishwa, kimechukuliwa kwenye maongezi ya simu ya nyumbani, na kwamba huyo mtu ana mtoto. Atie saini.

"Nitaandika," Elkana akasema.

Jerioth akamwambia siku ziko kumi na tisa, na kule ya kwanza tayari imeanza.

Elkana aliandika. Haki yake apewe, aliandika kila jioni. Rasimu ya kwanza ilikuwa na kurasa nne na haikumtaja Sheldon hata mara moja. Ya pili ilisema kwamba visa vya mfano, kwa asili yake, huhitaji kusomwa kwa uangalifu. Ya tatu iliomba idara izingatie mazingira mapana. Jerioth alipozisoma, kila moja aliiweka mezani na kwenda kazini. Siku ya tisa Jerioth mwenyewe akamwandikia barua aitie saini tu. Ilikuwa na mistari mitano, ya mkono, kwenye karatasi yenye nembo ya dawa ya presha. Elkana akasema lugha yake si ya kitaalamu, ataipitia.

Ukweli ulikuwa mfupi kuliko rasimu zote. Kampuni ilikuwa imepata nchi nyingine mbili changa zilizotaka mkakati kama ule ule, na Elkana alikuwa ameahidiwa kuziongoza. Mtaalamu hawezi kukanusha ukurasa wake mwezi huohuo. Alijua pia kwamba Sheldon akirudi Kenya hatakufa. Atapika kwingine, ni mpishi. Alilisema hili mara moja, kwenye gari, na Jerioth akaongeza sauti ya redio.

Kila Jumamosi Sheldon alipiga, na kila mara aliuliza shemeji amefika wapi na wale watu.

Siku ya kumi na nane ilikuwa Jumamosi. Ujumbe kutoka nchi ile ulikuwa umefika Houston kupokea rasmi mkakati wao, na kampuni ikaandaa chakula cha mchana katika hoteli moja ya Stafford. Jerioth alibadilishana zamu na mwenzake, akaendesha gari kwa saa nne na nusu kutoka Mansfield. Elkana alidhani anakuja kumpigia makofi, au alijilazimisha kudhani hivyo. Njiani aliomba mara mbili wasijadili mambo ya nyumbani mbele ya wageni.

Mezani kila mtu alikuwa na kadi yenye jina lake. Ya Jerioth ilisema Mgeni wa Dkt. Elkana. Alikaa nyuma ya kadi hiyo, na kulia kwake alikaa mkurugenzi wa idara ya wageni wa nchi ile, mzee mnene, mpole, mwenye Kiingereza cha vitabuni na kola iliyokuwa ikimbana shingo. Walizungumza kidogo kuhusu joto la Houston. Kisha, wakati wahudumu wanaondoa sahani za saladi, Jerioth akamuuliza kama amesoma ukurasa wa arobaini na moja.

Mzee akatabasamu. Alisema ripoti ilikuwa na kurasa mia na themanini, na kama atasema ukweli, wengi ofisini kwake walisoma ule mmoja tu. Ulikuwa na mtu ndani yake.

"Huyo mtu ni ndugu yangu," Jerioth akasema. "Na ana mtoto kule. Mume wangu anajua."

Mzee akaacha kutabasamu. Akaweka uma chini, akaiweka sawasawa na kisu.

"Mpishi," akasema. "Mke wangu alikula kwake mara nyingi." Akailegeza kola yake. "Sikiliza, mama. Wale wanaotupima kule juu walitaka kuona kwamba mkakati umeanza kutekelezwa. Walituuliza tumewarudisha wangapi. Hatukuwa na mtu. Kisa kilikuwa tayari kimeandikwa, kwa hiyo tukaanza na huyo."

Aliyasema kwa aibu, na aibu hiyo haikumsaidia Sheldon kitu. Nchi ambayo jana tu ilikuwa inaulizwa vitambulisho katika mitaa yake yenyewe na askari wa dola lililoitawala, leo ilikuwa imepata mtu wa kumuuliza vitambulisho, mtu mmoja, na kwa shida ilimpata kwenye kiambatisho. Huo ndio uhuru wake ulipofikia, na Elkana ndiye aliyeutafutia mahali pa kuanzia.

Hata hivyo mzee alikuwa na jambo moja zaidi. Alisema uamuzi ulisimama juu ya sentensi moja, ile ya kutokuwa na familia. Akipata hata mistari miwili iliyotiwa saini na mwandishi, kwamba sentensi ile si kweli, ana mamlaka ya kusimamisha ndege ya kesho. Angepiga simu hapo hapo mezani. Akaitoa simu yake mfukoni na kuiweka kando ya sahani, kuonyesha kwamba hatanii.

Mkurugenzi wa kampuni, aliyekuwa ametoka kutangaza zile nchi mbili mpya, alikuwa anamtazama Elkana kwa macho ya mtu anayesubiri kuona kama amenunua kitu kizuri. Jerioth akafungua mkoba, akatoa ile barua ya mistari mitano, akaipitisha mbele ya mzee hadi kwa mumewe. Akaweka kalamu juu yake.

Elkana aliitazama barua. Alimtazama mkurugenzi wa kampuni. Kisha akarekebisha tai yake.

"Nadhani wote tunaelewa," akasema kwa Kiingereza, na sauti ilikuwa nzuri kweli, sauti ya darasani, "kwamba matokeo ya utafiti hayawezi kubadilishwa kwa ombi la familia ya mtafiti. Ingekuwa mgongano wa maslahi. Kuna utaratibu wa rufaa, na ninauheshimu."

Mkurugenzi wa kampuni akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mzee akairudisha simu yake mfukoni, polepole, akiwa anamtazama Jerioth. Nyama ikaletwa. Elkana akala yote.

Jumapili waliondoka Houston saa nne asubuhi. Jerioth aliendesha. Elkana alijaribu kuongea mpaka Huntsville, akaeleza maana ya uadilifu wa kitaaluma, akaeleza kwamba rufaa inaweza kufanywa hata mtu akiwa nje, akaeleza mshahara wa kazi mpya na namna utakavyompunguzia yeye Jerioth zamu. Baadaye akashika nakala ya ripoti iliyokuwa na saini za wajumbe kwenye jalada, zawadi aliyopewa wakati wa kuagana, akawa anaifungua na kuifunga.

Karibu na Centerville simu ya Jerioth iliita mara moja ikakata. Aliingia kituo cha petroli, akaegesha kando ya mashine ya kujaza upepo, akachukua kadi ya kupigia simu na kubonyeza tarakimu zake zote. Sauti ya kurekodiwa ikatangaza dakika thelathini na moja. Akaiweka simu kwenye spika, katikati yao, juu ya kishikio cha vikombe.

Sheldon alikuwa uwanja wa ndege, na kule ilikuwa tayari usiku unaingia. Polisi wawili walikuwa wamemkubalia akae na mama wa mtoto mpaka abiria waitwe. Alisema ana begi moja na visu vyake vimekataliwa. Alisema mtoto anaota jino. Aliongea haraka, kama mtu anayehofia kuwachosha watu. Kisha akauliza kama shemeji yuko karibu.

"Yuko hapa. Anakusikia," Jerioth akasema.

"Shemeji, nataka tu kukushukuru. Najua umejaribu na hao watu wako. Kama si wewe pengine wangenipeleka jela kwanza. Mungu akubariki sana."

Jerioth hakumtazama mumewe. Alitazama mashine ya upepo. Alikuwa amemwachia nafasi hiyo kwa makusudi, na nafasi ilikuwa pana kiasi cha kutosha mtu yeyote mwenye aibu kidogo.

"Amina, shemeji," Elkana akasema. "Tulifanya kile tuliweza."

Jerioth akaisogelea simu.

"Sheldon, usimshukuru. Wewe uliniuliza hao wataalamu walikujulia wapi. Walikujulia hapa kwa simu yetu, Jumamosi. Ni yeye aliandika. Jana walimwekea karatasi asaini uachwe, akakataa, akakula."

Zilisikika kelele za uwanja wa ndege, na mwanamke akiuliza kitu kwa lugha ya kule. Sheldon aliporudi, sauti yake ilikuwa chini.

"Aliandika nini?"

Elkana akanyoosha mkono kuelekea simu, na Jerioth akauzuia kwa mkono wake, bila nguvu, jinsi anavyowazuia wagonjwa wanaotaka kung'oa mipira ya dawa.

"Iko mapajani mwako," akamwambia. "Msomee."

"Jerioth, please. Si mahali pake hapa."

"Uliiandika asome mtu yeyote. Msomee mwenyewe. Uko na dakika ishirini na sita."

Elkana akafungua. Labda alidhani kusoma kutakuwa rahisi kuliko kueleza. Alianza kwa ile sauti yake ya mihadhara, akitafsiri kadiri alivyokwenda. Bw. S. ni mpishi kutoka Afrika Mashariki, mwenye umri wa miaka thelathini na moja, aliyeingia nchini kwa kibali cha mwajiri mmoja. Akasoma ya mkahawa wa juu. Akasoma ya polisi na viazi, kwa kuwa hayo pia aliyaandika, chini ya kichwa cha ulegevu wa utekelezaji. Alipofika aya ya mwisho, sauti ya mihadhara ilikuwa imekwisha, akawa anasoma kama mtoto wa shule aliyesimamishwa mbele ya darasa. Gari lilikuwa na joto, lakini Jerioth hakuwasha injini.

"Bw. S. hana familia," akasoma, "wala uhusiano wowote wa kudumu unaomfunga na nchi hii."

Kwenye simu mtoto akaanza kulia, kilio cha juu, cha jino. Kilijaza gari lote. Sheldon akasikika akimbembeleza kwa Kiembu, akihamisha simu kutoka sikio moja hadi jingine.

"Ngoja kidogo, shemeji, sijasikia hapo mwisho," akasema. "Ciarunji analia. Hebu rudia."

Elkana akamtazama mkewe. Jerioth akangoja. Basi Elkana akashusha macho kwenye ukurasa, akarudia.